Karata dhaifu, kiti cha mwisho: Hesabu inayofanywa barazani Pemba bila fedha

Na Mwandishi Wetu, Pemba

KATIKA baraza za Chake Chake, Wete na Mkoani, baada ya sala ya alasiri, si ajabu kuwakuta watu wanne wamekaa wawili wawili wakielekeana, karata zimegawanywa na watazamaji wamesimama nyuma yao. Mezani hapana fedha. Aliyefungwa hupisha, mwingine akaingia, na faida ya mshindi ni ruhusa ya kumtania mwenzake hadi magharibi.

Lakini siku hizi kijana aliyetoka katika baraza hiyo anaweza kuingia katika meza nyingine bila kuinuka alipokaa. Simu yake ya mkononi inatosha kumkutanisha na watu asiowajua, katika mchezo wa poka wa aina ya Texas Hold'em, ambamo mchezaji huweza kuweka dau lolote hadi senti yake ya mwisho.

Meza hizo mbili ni tofauti kwa mengi. Hata hivyo, ziko pamoja katika jambo moja, nalo ni thamani ya kucheza mwisho, hasa kwa mtu aliyeshika karata dhaifu. Mkongwe wa baraza analijua jambo hilo kwa mazoea. Wachezaji wa poka wamelitilia hesabu. Anayelijua nusu tu ndiye mwenye kupoteza fedha, na ndiyo sababu ya makala haya kulieleza lote.

Wahedi wa sitini

Mchezo wa karata uliozoeleka katika mwambao wetu huitwa wahedi wa sitini, yaani sitini na moja kwa Kiarabu. Ingawa jina la mchezo ni la Kiarabu, majina ya karata zenyewe kwa sehemu kubwa yalitoka kwa Wareno, waliofika mwambao huu mwaka 1498 na kupoteza Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Kopa, uru, shupaza na pau ni maneno yenye asili ya Kireno. Ndivyo ilivyo pia kwa turufu, na kwa seti, ambayo ni karata ya saba. Urithi huu ni ndugu wa mchezo wa ng'ombe wa hapa Pemba, ambao nao wengi huunasibisha na Wareno.

Hesabu yake ni nyepesi. Ree ina thamani ya 11 na seti 10. Mfalme, aitwaye mzungu wa nne, ana 4. Mzungu wa tatu ana 3. Na mzungu wa pili, ambaye ni malkia, ana 2. Karata zilizobaki ni magarasa, hazihesabiwi kitu. Kila aina ya karata ina jumla ya 30, na aina zote nne zinafanya 120. Nusu yake ni 60, kwa hiyo anayefikisha 61 amekwisha kushinda. Jina la mchezo limetoka hapo.

Kanuni ndogondogo hutofautiana baina ya baraza na baraza, lakini msingi haubadiliki: mmoja huanza kutupa karata, wengine hufuata kwa zamu, na mwenye karata kubwa hula zote zilizo chini. Turufu hula aina nyingine yoyote.

Sasa tumtazame mchezaji wa nne, yule wa mwisho katika mzunguko. Tuseme ameshika garasa la turufu, karata ndogo kuliko turufu zote, na hana karata ya aina iliyotangulia. Mbele yake zimeshaangushwa seti, mzungu wa pili na garasa, na hakuna turufu hata moja. Garasa lake linakula 12. Hiyo ni karibu sehemu ya tano ya zile 61 anazozihitaji, nayo imeletwa na karata ambayo kwa thamani yake ni sifuri.

Mpe karata hiyohiyo mchezaji wa pili. Akiitupa, wawili bado wako nyuma yake, na yeyote kati yao akiwa na turufu kubwa zaidi atakula vyote. Karata haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni zamu. Mchezaji wa pili alibahatisha, ilhali yule wa nne alikuwa ameshaona kila kitu kabla ya kuamua.

Hapa ndipo lilipo somo la kwanza: anayecheza mwisho hakupewa karata bora, amepewa habari. Katika mchezo wowote ambao kila mmoja huficha alichonacho, habari ni mali.

Meza ya poka

Poka ya Hold'em ina asili yake katika jimbo la Texas, Marekani. Mwaka 2007 Bunge la jimbo hilo lilitambua rasmi mji mdogo wa Robstown kuwa ndiko mchezo huo ulikozaliwa mwanzoni mwa karne ya 20. Umaarufu wake duniani uliongezeka ghafla mwaka 2003, pale mhasibu wa Kimarekani, Chris Moneymaker, aliponyakua dola milioni 2.5 katika mashindano ya dunia ya Las Vegas, baada ya kupata nafasi yake kupitia shindano la intaneti lililomgharimu dola 86. Kuanzia hapo watu wengi waliamini kwamba yeyote mwenye kompyuta, na baadaye simu, angeweza kufanya kama yeye.

Mchezo unakwenda hivi. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha karata tano huwekwa wazi katikati ya meza kwa ajili ya wote: tatu kwanza, halafu ya nne, halafu ya tano. Kabla na baada ya kila hatua wachezaji huweka dau, na fedha hizo hurundikwa pamoja. Tuuite mrundo huo kitita. Anayetakiwa kulipa dau ana njia tatu: kutupa karata zake na kujitoa, kulifuata dau kama lilivyo, au kulipandisha. Anayebaki mwisho, au mwenye karata tano bora, huchukua kitita.

Zamu hufuata mzunguko, na tangu karata tatu zifunuliwe, aliyeketi katika kiti cha mgawaji huwa wa mwisho kusema katika kila hatua. Kiti hicho huhamia kwa jirani kila karata zinapogawanywa upya, hivyo kila mmoja hukipata kwa zamu yake. Wachezaji mahiri huingia katika michezo mingi zaidi wanapokuwa katika kiti hicho, na michache wanapolazimika kusema kwanza.

Karata zinazosubiri

Mara nyingi mchezaji wa poka hana kitu baada ya karata tatu kufunuliwa, ila ana matumaini. Mfano, ameshika tisa na nane, na mezani zimo tano, sita na mfalme. Anachokosa ni saba moja tu ili apate mfululizo wa tano hadi tisa, ambao ungemshinda karibu kila mtu. Hizi ni karata zinazosubiri, na kwa kuwa ni namba moja tu inayoweza kuzikamilisha, ni za daraja dhaifu.

Ni dhaifu kiasi gani? Pakiti ina karata 52. Mchezaji ameshaona 5, yaani mbili za mkononi na tatu za mezani. Zimebaki 47 asizozijua, na ndani yake saba ni 4. Uwezekano wa karata ya nne kuwa saba ni 4 kwa 47, takriban asilimia 8.5. Ni chini kidogo ya mara moja katika kila majaribio 11. Akiruhusiwa kuziona karata zote mbili zilizobaki, uwezekano unapanda hadi asilimia 16.5.

Zipo karata zinazosubiri zilizo na nguvu zaidi. Mwenye kopa nne akingoja ya tano ana karata 9 za kumwokoa, na uwezekano wake wa kuipata katika karata mbili ni asilimia 35. Mwenye mfululizo ulio wazi pande zote mbili ana karata 8, sawa na asilimia 31.5. Huyu wetu wa saba moja yuko nyuma yao mbali.

Bei ya kusubiri

Tuseme kitita kina shilingi 10,000, na mpinzani anaweka dau la 5,000. Ili aione karata ya nne, kijana wetu lazima alipe 5,000. Akishinda papo hapo atachukua zile 10,000 pamoja na 5,000 za mpinzani, jumla 15,000. Kwa jicho la haraka, kulipa 5,000 ili kupata 15,000 ni biashara nzuri.

Tuifanye biashara hiyo mara 47, saba zote 4 zikitokea kama hesabu inavyotarajia. Mara 43 atapoteza 5,000, jumla 215,000. Mara 4 atapata 15,000, jumla 60,000. Amepoteza 155,000, yaani karibu 3,300 kwa kila mara aliyosema nafuata. Haikuonekana kama hasara kubwa siku ya kwanza, na ndiyo sababu watu huirudia.

Je, kuna wakati ambapo kufuata ni halali kihesabu? Upo, na hapa ndipo kiti cha mwisho kinapoingia.

Njia ya kwanza ni fedha ambazo bado hazijawekwa mezani. Ili asipate hasara, kijana wetu anahitaji kuvuna wastani wa 53,750 kila anapoipata saba. Kitita kina 15,000, kwa hiyo zinapungua 38,750, ambazo lazima zitoke mfukoni mwa mpinzani katika hatua zinazofuata. Mmarekani David Sklansky, mmoja wa waandishi waliouweka mchezo huu katika misingi ya hesabu, ndiye aliyelipatia wazo hili nafasi yake katika mafunzo ya poka: bei ya karata haipimwi kwa kilichopo mezani peke yake, bali pia kwa kitakachokuja.

Ikiwa mpinzani amebakiwa na 20,000, hesabu imekwisha hapo: hata akizitoa zote hazitoshi, basi karata zitupwe. Ikiwa amebakiwa na 200,000, na ni mtu asiyependa kuachia karata nzuri, jambo linaweza kufikiriwa. Kikwazo ni kwamba mpinzani lazima alipe kweli. Aliyeketi mwisho ana nafasi nzuri zaidi ya kumlipisha, kwa kuwa akishapata saba yake humngoja mwenzake aseme kwanza. Mwenzake akiweka dau, yeye analipandisha. Mwenzake akipita, yeye anaweka lake. Angekuwa wa kwanza kusema, angelazimika kuchagua gizani: aweke dau na mpinzani akimbie, au apite akitega mtego, mpinzani naye apite, na hatua nzima iishe bila shilingi kuongezeka.

Njia ya pili ni karata ya bure. Mpinzani akipita bila kuweka dau, aliyeketi mwisho anaweza kupita pia, akaiona karata inayofuata bila kulipa. Asilimia 8.5 kwa bei ya sifuri haina hasara. Anayesema kwanza hawezi kujihakikishia zawadi hiyo, kwa sababu hata akipita, walio nyuma yake wanaweza kumtoza.

Njia ya tatu ni kutisha. Mpinzani amepita, kitita kina 10,000, na kijana wetu anaweka dau la 6,000 ingawa hana kitu. Mpinzani akikimbia mara 3 katika kila 8, atakuwa amepata 30,000 na kupoteza 30,000 katika zile 5 nyingine, yaani hana faida wala hasara, hata kabla ya kuzihesabu zile saba nne. Akikimbia zaidi ya hapo, ni faida. Saba nne huwa ni bima ya siku ambayo mpinzani hakutishika. Kiti cha mwisho ndicho kilichomwonyesha kwamba mpinzani amepita, na mara nyingi anayepita hana karata za kujivunia, ijapokuwa wapo wanaopita kwa kutega.

Panapozama mashua

Hesabu hizo zikisomwa nusunusu huwa hatari. Mchezaji mgeni hushika neno moja tu, kwamba karata dhaifu katika kiti cha mwisho huchezeka, akasahau masharti yake.

Kosa la kwanza ni kumtisha asiyetishika. Katika meza za dau dogo, wengi wamekuja kutazama karata, hawakuja kuzitupa. Mtu wa namna hiyo hakimbii mara 3 katika 8, pengine hakimbii hata mara moja. Kwake yeye njia ya tatu haipo kabisa.

Kosa la pili ni kusubiri karata ambayo hata ikija haimalizi kazi. Mwenye kopa tatu na kopa nne mkononi anaweza kuipata kopa yake ya tano, akaweka fedha zote kwa furaha, akakutana na mwenye kopa kubwa zaidi. Huyu anapoteza asipopata, na anapoteza zaidi anapopata. Saba ya kijana wetu ina ubora mmoja: pale inapotokea, hakuna mfululizo mkubwa kuliko wake.

Kosa la tatu ni kumsahau mwenye meza. Katika meza nyingi za fedha, ziwe za kasino au za intaneti, mwenye meza hukata sehemu yake katika kitita. Biashara iliyokuwa sawasawa katika karatasi inakuwa hasara mara baada ya makato hayo.

La nne ndilo kubwa kuliko yote. Baraza haina kasi ya simu. Barazani karata huchanganywa, hukatwa, hugawanywa, na katikati yake watu hubishana. Katika simu mchezo mmoja hufuata mwingine bila pumziko. Ile 3,300 iliyopotea kimyakimya hurudi kupotea mara nyingi kwa usiku mmoja, na mtu haoni fedha zikitoka mkononi.

Baraza lina la kusema

Kuna tofauti moja ambayo mchezaji wa wahedi wa sitini anapaswa kuijua kabla ya kudhani kwamba ujuzi wake utamtosha. Barazani hakuna kujitoa. Karata zote ulizopewa utazicheza, mbaya na nzuri, na sifa ya mchezaji ni kuyatumia vyema hata magarasa yake. Katika poka sifa hiyohiyo humfilisi mtu. Huko ujuzi mkubwa ni kutupa, na wachezaji mahiri hutupa karata zao mara nyingi kuliko wanavyozicheza. Aliyelelewa na baraza huona aibu kutupa. Meza ya fedha hula aibu hiyo.

Tofauti nyingine ni kwamba barazani kiti cha mwisho kina gharama. Anayekula mzunguko mmoja ndiye anayeanza mzunguko unaofuata, na kwa kuanza amekipoteza kiti kile kizuri. Kwa hiyo mchezaji makini hujiuliza kama 2 za mzungu wa pili zinastahili kuliwa, au aziachie ili abaki nyuma na kungoja seti. Huo ni uamuzi wa bei sawasawa na ule wa shilingi 5,000, isipokuwa anayekosea halali njaa kwa kosa lake.

Ikumbukwe pia kwamba wakazi wengi wa Pemba ni Waislamu, na kamari imeharamishwa katika Uislamu. Wapo masheikh wanaoikemea hata karata isiyo na dau, kwa hoja kwamba hupoteza wakati na huweza kumsahaulisha mtu sala. Upande wa Tanzania Bara, michezo ya fedha inaendeshwa chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, ambayo iliunda Bodi ya kuisimamia, na walio chini ya umri wa miaka 18 hawaruhusiwi kushiriki. Leseni ya mwenye meza, hata hivyo, haibadilishi idadi ya saba zilizomo katika pakiti.

Kwa msomaji ambaye atakaa katika meza yoyote, ya fedha au ya mzaha, maswali ni matatu kabla ya kufuata karata dhaifu. Karata ngapi zinaniokoa, kati ya ngapi nisizoziona? Nikilipa sasa, nitalipwa kiasi gani nikipata, na huyu aliye mbele yangu anacho kiasi hicho? Je, nitasema mwisho, au kuna mtu nyuma yangu ambaye bado sijamsikia?

Jibu moja kati ya hayo likiwa baya, karata zirudishwe chini. Anayetaka kujifunza jambo hilo bila kulipia ada anaweza kuanzia barazani alasiri: asimame nyuma ya mchezaji wa nne, na ahesabu ni mara ngapi garasa la turufu limekula seti.